Mganga hajigangi: Jinsi ugonjwa wa mke ulivyomfunza daktari maana ya kuuguza

KWA miaka mingi, Dkt Arthur Kleinman aliwafunza wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwamba kutibu maradhi ni jambo moja na kumtunza mgonjwa ni jambo jingine. Aliandika vitabu kuhusu mada hiyo, akahutubia wenzake katika nchi mbalimbali, na wasomi wakamkubali kuwa bingwa wa fani hiyo.

Kisha mkewe akaugua.

Ndipo daktari huyo, mzaliwa wa New York mwaka wa 1941, alipotambua kuwa mengi aliyoyafundisha aliyajua kwa kichwa tu; hayakuwa yamefika mikononi. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea, ingawa hapa mganga hakutakiwa kujiganga mwenyewe bali kumuuguza mtu aliyefunga naye ndoa mwaka wa 1965.

Bi Joan Kleinman alikuwa msomi wa lugha ya Kichina, na kwa miongo kadhaa alishirikiana na mumewe katika utafiti. Alipokaribia umri wa miaka 60, alianza kutatizika kusoma na kutambua vitu vilivyokuwa mbele ya macho yake. Ilikuja kubainika kwamba alikuwa na maradhi ya Alzheimer, tena ya aina isiyo ya kawaida. Aliishi nayo kwa takriban mwongo mmoja, hadi alipofariki mwaka wa 2011.

Katika kipindi hicho, mumewe alijifunza kumwosha, kumvisha, kumlisha na kumwongoza kwa mkono kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mwaka wa 2009 alieleza hali hiyo katika jarida la kitabibu la The Lancet, na mwaka wa 2019 akaipanua katika kitabu alichokiita The Soul of Care.

Kisa hiki ni cha nchi ya mbali, na cha mtu aliyekuwa na elimu na uwezo. Hata hivyo, maswali yanayozuka humo yanabisha hodi katika nyumba nyingi za Kenya. Ni nani atakayemwosha mzee asiyejua tena alipo? Daktari anapomaliza kuandika jina la ugonjwa kwenye faili, kazi inayosalia ni ya nani? Na mbona watu waliosomea matibabu kwa miaka mingi aghalabu huwa hawana la kusema kuhusu kazi hiyo?

Mkono wa mtoto

Ili kuyaelewa aliyoyapitia daktari huyu, ni sharti kurudi nyuma hadi miaka ya 1960, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California.

Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza aliokutana nao ni msichana wa miaka saba aliyekuwa ameungua sehemu kubwa ya mwili. Kila siku mtoto huyo alitumbukizwa katika maji ya kuzungushwa, kisha nyama iliyokufa ikabanduliwa vidondani kwa vibano. Alipiga mayowe, akawasihi wahudumu wamwache, akapigana nao. Mwanafunzi Kleinman alipewa kazi iliyoonekana kuwa ndogo: kumshika ule mkono usioungua na kumtuliza, ili daktari aliyekuwa akizisafisha donda hizo amalize upesi.

Mwanzoni alijaribu kumzungumzisha kuhusu nyumbani kwao na shule, mradi tu asahau maumivu. Hilo halikufua dafu. Siku moja, baada ya kuishiwa na mbinu, alimwuliza mtoto mwenyewe anavumilia vipi. Kunakuwaje kuungua kiasi kile na kupitia mateso yale siku baada ya siku.

Mtoto alinyamaza kwa mshangao, akamtazama, kisha akaanza kumweleza kwa maneno mepesi. Alipokuwa akisema, aliushika mkono wa mwanafunzi kwa nguvu zaidi, lakini hakupiga mayowe wala hakupigana na mtu. Tangu siku hiyo, kila alipoletwa kwenye maji, mwanafunzi huyo alimwuliza tena, naye akaeleza.

Maumivu hayakuondoka. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mtu mmoja chumbani aliyetaka kujua yanayompata mtoto, badala ya kutaka anyamaze. Dkt Kleinman aliandika baadaye kuwa msichana huyo ndiye aliyemfunza kwamba inawezekana kuzungumza na mgonjwa, hata aliye katika dhiki kuu, kuhusu ugonjwa wenyewe, na kwamba mazungumzo hayo yana manufaa yake.

Mgonjwa wa pili aliyemwachia alama alikuwa ajuza aliyeambukizwa kaswende na mwanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Madaktari walishughulikia madhara ya maradhi hayo mwilini mwake. Yeye alimsimulia mwanafunzi jambo jingine: aibu iliyomwandama maisha yake yote na jinsi ilivyomharibia uhusiano na watu. Faili ya hospitali ilikuwa na habari za mwili. Habari za aibu hazikuwa na mahali pa kuandikwa.

Maradhi na kuugua

Kleinman alihitimu mwaka wa 1967, mwaka ule ule ambao mafunzo ya udaktari yalianzishwa katika chuo kikuu jijini Nairobi. Muda mfupi baadaye alipelekwa Taiwan kikazi, akaandamana na mkewe. Huko aliona watu wakienda hospitalini asubuhi na kwa waganga wa kienyeji jioni, bila kuona kwamba njia hizo mbili zinagongana. Badala ya kuwabeza, alijiuliza wanapata nini kwa mganga ambacho hawakipati kwa daktari.

Aliporejea Marekani alisomea udaktari wa magonjwa ya akili, na pia akachukua shahada ya uzamili katika anthropolojia, yaani elimu inayochunguza mila na maisha ya jamii za wanadamu. Kutokana na mseto huo alitoa hoja iliyompa umaarufu: kwamba yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya kuwa moja.

La kwanza ni maradhi kama daktari anavyoyaona: kiungo kilichoharibika, kipimo kilichopanda, kiini cha tatizo ndani ya mwili. La pili ni kuugua kama anavyokuishi mgonjwa pamoja na jamaa zake: hofu, gharama, aibu, kazi iliyokatizwa, usiku usio na usingizi. Daktari aweza kulitambua la kwanza barabara na asilijue la pili hata kidogo.

Mwaka wa 1978, akishirikiana na wenzake wawili katika makala ya kitabibu, alipendekeza maswali mepesi ambayo daktari anaweza kumwuliza mgonjwa: tatizo lake analiitaje, anadhani limesababishwa na nini, kwa nini lilianza lilipoanza, limemletea shida gani, na analolihofia zaidi ni lipi. Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara. Hadi leo yanafundishwa katika vyuo vingi vya udaktari na uuguzi.

Mwaka wa 1980, yeye na mkewe walikuwa mjini Changsha, mkoa wa Hunan nchini Uchina, ambako aliwachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameambiwa wana udhaifu wa mishipa ya fahamu. Wengi walilalamikia kichwa, uchovu na ukosefu wa usingizi. Alipowahoji kwa kina, aligundua kuwa wengi wao walikuwa na sonona, na kwamba nyuma ya maumivu ya kichwa palikuwa na machungu yaliyotokana na misukosuko ya Mapinduzi ya Kitamaduni nchini humo. Bi Joan, aliyekijua Kichina, alikuwa nguzo ya kazi hiyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu kuielewa tofauti hii, kwa kuwa lugha yenyewe imekwisha kuipambanua. Kuna kuugua, kazi ya mwele. Kuna kutibu, kazi ya tabibu. Kuna kuuguza, kazi ya yule anayekesha kando ya kitanda. Tena kuna kuuguliwa: mtu mzima kabisa, asiyeumwa na chochote, husema ameuguliwa, kwa maana kwamba mgonjwa yumo nyumbani mwake na ugonjwa huo umemfikia yeye pia. Waliounda neno hilo walijua kwamba maradhi hayakai katika mwili wa mtu mmoja.

Dkt Kleinman alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu wanaougua na wanaotibu. Hakuwa bado ameuguliwa.

Ubongo unapofifia

Alzheimer ndiyo chanzo kikuu cha dimenshia, jina linalokusanya hali zote ambazo kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia hudhoofika kupita kiasi cha uzee wa kawaida. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote hutokana na Alzheimer.

Maradhi haya yalipata jina kutoka kwa Alois Alzheimer, daktari Mjerumani. Mwaka wa 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mwanamke wa umri wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kumtuhumu mumewe kwa mambo yasiyokuwapo. Mwanamke huyo alipofariki mwaka wa 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kuona mabaka kati ya chembe hai na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mabaka na nyuzi hizo ndizo zinazochunguzwa na wanasayansi hadi leo.

Kwa kawaida maradhi huanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu za karibuni. Mgonjwa hukumbuka harusi yake ya miaka 50 iliyopita lakini asikumbuke kama amekula chakula cha mchana. Kwa Bi Joan mambo yalikuwa tofauti. Maradhi yalianza kuharibu upande wa kisogoni, sehemu inayopokea habari kutoka machoni na kuzifasiri. Macho yake yalikuwa mazima, lakini ubongo haukuweza tena kuelewa yaliyoletwa na macho hayo. Hatimaye aliishi kama kipofu, na kumbukumbu nayo ikafuata mkondo huo.

Wagonjwa wa aina hii huanza aghalabu kwa daktari wa macho, wakabadilishiwa miwani mara kadhaa bila nafuu, kabla mtu yeyote hajashuku kwamba kasoro imo ubongoni.

Hakuna dawa ya kuponya Alzheimer. Marekani iliidhinisha dawa ya lecanemab mwaka wa 2023 na donanemab mwaka wa 2024, ambazo hupunguza kasi ya maradhi kwa baadhi ya wagonjwa walio katika hatua za mwanzo. Dawa hizo ni ghali mno, huhitaji uchunguzi wa mara kwa mara kwa kuwa zaweza kusababisha uvimbe na uvujaji wa damu ubongoni, na hazirudishi kilichokwisha kupotea. Kwa wagonjwa walio wengi duniani, tiba iliyopo ni kutunzwa.

Nyumbani kwa daktari

Ni katika kutunza huku ambako Dkt Kleinman alijikuta mwanagenzi.

Awali, katika ndoa yao, mkewe ndiye aliyekuwa mtunzaji. Mume alizama katika kazi. Mke aliendesha nyumba, akawalea watoto wao wawili na kuiangalia afya ya mumewe asiyejua kupumzika. Maradhi yalipoingia, majukumu yalipinduka. Mtu aliyezoea kupikiwa akawa mpishi. Aliyezoea kuwa na wasaidizi kazini akawa anachagua nguo za mwenziwe, kumfunga vifungo, kumkata kucha na kumshikia kijiko.

Katika maandishi yake hafichi kwamba zipo siku alizochoka, akakasirika na kukata tamaa. Haelezi kuuguza kama kazi ya malaika. Anaieleza kama kazi ya mwili inayorudiwa kila uchao: kuinua, kufuta, kuongoza, kungoja. Anasema pia kwamba ni kazi ya kuwapo. Wapo wanaokaa kando ya mgonjwa huku nyoyo zao zi kwingine, naye mgonjwa, hata aliyepoteza maneno, huweza kulihisi hilo.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa pale mkewe alipokosa kumtambua. Usiku mmoja alimwona kuwa mtu baki aliyeingia kitandani mwake, akamfukuza kwa makelele na kwa hofu ya kweli. Kama daktari wa magonjwa ya akili, Dkt Kleinman alilijua jina la hali hiyo, ambapo mgonjwa huamini kuwa jamaa yake amebadilishwa na mtu mwingine anayefanana naye. Kulijua jina hakukumpunguzia uchungu wa kufukuzwa na mke waliyeishi pamoja kwa miaka zaidi ya 40.

Kitanda usicholala hujui kunguni wake. Alikuwa amekisikia kitanda hicho kikisimuliwa na mamia ya wagonjwa na jamaa zao. Sasa alikuwa amelala juu yake.

Hakuweza kuimudu kazi hiyo peke yake, wala hakujisingizia kwamba aliweza. Watoto wake, mama yake mzazi na mhudumu aliyeajiriwa kuja nyumbani walimshika mkono. Hali ilipozidi, mkewe alihamishiwa makao ya kuwatunzia wagonjwa na kukaa huko katika miezi yake ya mwisho. Uamuzi huo ulimwuma, kama unavyowauma wengi walioapa kutowapeleka wapendwa wao kwingine.

Maswali yasiyoulizwa

Kilichomshangaza zaidi ni mwenendo wa wataalamu wenzake. Waliwaendea mabingwa wa ubongo, ambao waliyapima maradhi, wakayapa jina na kuifuatilia kasi yake. Takriban hakuna aliyeuliza mgonjwa anaoga vipi, anakula nini, usiku unapita namna gani, au anayemuuguza analala saa ngapi. Msaada alioutaka, kama vile jinsi ya kuipanga nyumba ili asijikwae na nani awezaye kumpumzisha mwuguzaji, ulipatikana kwa wauguzi, wahudumu wa nyumbani na maafisa wa ustawi wa jamii, watu wanaolipwa kidogo na kuheshimiwa kidogo katika ngazi ya taaluma hiyo.

Hapa ndipo ugonjwa wa mkewe ulipomrudisha kwenye ujana wake na kwa yule msichana aliyeungua. Dkt Kleinman anasema kuwa mafunzo ya udaktari yana kinaya kikubwa: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huja na hamu ya kuwatunza watu, na mara nyingi hulifanya jambo hilo vyema kuliko anayehitimu. Katikati ya safari hamu hiyo hufifia. Mwanafunzi huona kwamba anayesifiwa ni aliyetambua maradhi adimu. Hakuna alama anazopewa aliyekaa nusu saa na mama anayelia. Isitoshe, madaktari wenyewe huelemewa na foleni ndefu, fomu za kujazwa na kompyuta inayotazamwa kuliko mgonjwa.

Pendekezo lake si kuwahubiria wanafunzi kuhusu huruma. Anataka wapelekwe katika nyumba za wagonjwa wa muda mrefu na walemavu, washiriki kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza, ili wajue kwa mikono kazi inayoendelea baada ya mgonjwa kutoka kwenye chumba cha daktari.

Jambo jingine analolitaja ni malezi. Kwa maoni yake, watoto wa kike hufunzwa kutunza tangu utotoni, ilhali wa kiume huachwa wakue bila kujali hadi siku ya dhiki. Takwimu za WHO zinaelekea huko huko: wanawake hutoa takriban asilimia 70 ya saa zote zinazotumika kuwatunza watu wenye dimenshia.

Hali nyumbani Kenya

Nchini Kenya, sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi. Kadiri watu wanavyozidi kuishi muda mrefu, ndivyo idadi ya wanaopata dimenshia inavyotarajiwa kuongezeka. Wengi wao huuguzwa nyumbani na binti, mkaza mwana au mjukuu aliyekatiza masomo ama biashara yake.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia zao na serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wa umri wa miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi. Kwa familia inayonunua nepi za watu wazima na kumlipa mtu wa kusaidia, fedha hizo haziendi mbali.

Mbaya zaidi ni tafsiri potovu ya dalili. Mzee anayetoka nje usiku wa manane, anayesimama katika boma la jirani bila kujua alivyofika, anayevua nguo au kuzungumza na wasioonekana, huenda akaambiwa ni mchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Katika Kaunti ya Kilifi pia, wazee wengi wamewahi kuuawa au kutoroka makwao kwa tuhuma kama hizo. Kijiji kisichojua dalili za dimenshia kinaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mshukiwa.

Dalili zinazofaa kuwashtua jamaa ni pamoja na kuuliza swali lile lile mara kwa mara, kupotea katika njia iliyozoeleka, kushindwa kuhesabu pesa au kupika chakula alichokijua, kuweka vitu mahali pasipowaziwa, kubadilika ghafla kitabia, na kama ilivyokuwa kwa Bi Joan, kushindwa kusoma au kukadiria umbali wa vitu ilhali macho hayana kasoro.

Si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, maambukizi, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, au hata dawa zinazotumiwa kwa maradhi mengine, vyaweza kuleta dalili zinazofanana nazo. Baadhi ya hali hizo hutibika kabisa. Kwa sababu hiyo, kumpeleka mzee hospitalini mapema kuna maana kubwa, na anayempeleka hana budi kueleza kinagaubaga yanayotukia nyumbani. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kinga nayo ipo kwa kiasi fulani. Jopo la wataalamu lililochapisha ripoti katika jarida la The Lancet mwaka wa 2024 lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, unywaji pombe kupindukia, majeraha ya kichwa, kutosikia vizuri, upweke na ukosefu wa elimu utotoni.

Anayeuguza atunzwe pia

Kwa familia ambazo tayari zimeuguliwa, wataalamu hupendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Siku iwe na ratiba isiyobadilika: kuamka, kuoga, kula na kulala kwa saa zile zile. Vitu vya kukwaza viondolewe njiani na taa iachwe ikiwaka usiku. Mgonjwa asibishiwe anapokosea. Akisema anamngoja mama yake aliyefariki zamani, ni heri kumwuliza habari za mama huyo kuliko kumtangazia msiba upya. Aachiwe lile aliwezalo, hata kama ni kuchambua maharagwe, kwa kuwa kunyang'anywa kila kazi humzeesha upesi zaidi.

Zaidi ya yote, anayeuguza asiachwe peke yake. Ndugu wa mjini anayetuma fedha kwa simu amesaidia, lakini hajamaliza. Anayehitajika pia ni mtu wa kuja siku mbili akashika zamu, ili yule wa kila siku apate kulala. Mwuguzaji aliyechoka kupita kiasi huugua yeye mwenyewe, na nyumba ikawa na wagonjwa wawili.

Dkt Kleinman haandiki kwamba ugonjwa wa mkewe ulikuwa na heri ndani yake. Anachokisema ni kuwa kazi ya kumuuguza ilimfanya mtu kamili kuliko alivyokuwa, na kwamba kutunza hakukukoma siku ya mazishi, kwa maana kuzitunza kumbukumbu za aliyefariki ni sehemu ya kazi ile ile.

Takriban nusu karne ilipita kati ya siku aliyoushika mkono wa mtoto aliyeungua na siku alizomwongoza mkewe kwa mkono, asiyeona, kutoka sebuleni hadi chumbani. Katikati palikuwa na shahada, vitabu na madaraka. Somo lenyewe lilikuwa limekwisha kutolewa siku ile ya kwanza, na mwalimu alikuwa msichana wa miaka saba.